Kusanifu Kiolesura cha Umeme wa Sola kwa Nyumba Janja, Hatua kwa Hatua

Mwenye nyumba akifungua skrini ya mfumo wake wa sola, mara nyingi anakutana na mishale inayokimbia, duara za rangi nne na tarakimu zinazobadilika kila sekunde. Anatazama, anafunga simu, kisha anauliza: "Sasa pasi niwashe au nisiwashe?" Kiolesura cha nishati kinapimwa kwa swali hilo. Asiyejua lolote kuhusu inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli au betri uwe wa kutumika nyumbani) akikitazama na kuamua, kimefaulu. Akihitaji kumpigia fundi, bado hujamaliza kazi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kiasi kuandika programu au kuchora skrini, na ambaye mfumo wake umeshafungwa: paneli, inveta, betri, na pengine umeme wa gridi.

Hatua ya 1: Kusanya maswali kabla ya vipimo

Usianze na orodha ya vitu ambavyo inveta inaweza kukupa. Inveta ya kisasa ina rejista (nafasi za kumbukumbu zenye vipimo vyake) nyingi mno, na kila moja itakutamanisha uipandishe kwenye skrini. Kaa na watu wa nyumba, uwaulize wanataka kujua nini na saa ngapi wanataka kukijua. Majibu hayatofautiani sana: naweza kuwasha kitu kizito sasa? Betri itatufikisha asubuhi? Mbona leo umeme ni mdogo? Mwezi huu tumetumia kiasi gani?

Swali la kwanza huulizwa mara nyingi kwa siku, la pili jioni, la tatu siku mambo yakiharibika, la nne mwisho wa mwezi. Huo ndio mpangilio wa kurasa zako. Volti za kila safu ya paneli, halijoto ya inveta na namba za hitilafu ni mambo ya fundi; mpe ukurasa wake ndani ya mipangilio, usimlazimishe kila mtu kuupitia.

Hatua ya 2: Weka hesabu sawa

Kilowati ni nguvu inayopita sasa hivi. Kilowati-saa, yaani uniti, ni kiasi kilichokwisha kupita. Hita ya kilowati 2 ikiwaka nusu saa imekula uniti 1. Skrini inayosema "leo umetumia kW 6" inamdanganya msomaji hata kama tarakimu ni sahihi, na akishaigundua kasoro hiyo hataamini tarakimu nyingine yoyote.

Kisha kuna kanuni moja isiyovunjwa: kinachoingia ni sawa na kinachotoka. Jua likitoa kW 3.2, nyumba ikala 1.1, betri ikajazwa kwa 1.8, basi 0.3 inakwenda kwenye gridi. Jumla isipolingana, kuna kipimo kinachosoma vibaya. Tatizo la kawaida ni alama ya kujumlisha au kutoa: inveta moja huandika chaji ya betri kwa alama chanya, nyingine huandika chanya pale betri inapotoa. Mita za gridi nazo zina mtindo huohuo. Chagua mtindo mmoja, badilisha data yote pale inapoingia, na usiruhusu sehemu nyingine ya programu kuhangaika na alama tena.

Usitegemee jumla za siku nzima zilingane mpaka uniti ya mwisho. Inveta yenyewe hula umeme, mara nyingi makumi ya wati hata usiku wakati hakuna kinachowaka, na betri hairudishi yote iliyopewa. Tofauti hiyo iandike waziwazi kama "upotevu". Ukiificha ndani ya matumizi ya nyumba, mtu atakuja kutafuta kifaa kinachoiba umeme ambacho hakipo.

Hatua ya 3: Vuta data, na ujue imezeeka kiasi gani

Inveta nyingi huzungumza Modbus, itifaki ya vifaa kubadilishana data, ama kwa waya wa RS485 au kupitia mtandao wa nyumbani kwa Modbus TCP, ambayo kwa kawaida hutumia lango (port) la 502. Nyingine hufuata mpangilio wa SunSpec, na huo ni nafuu kubwa kwa sababu rejista zake zinafahamika: mara nyingi huanzia 40000, mahali ambapo utasoma herufi "SunS" zikithibitisha kwamba uko pazuri. Kumbuka kizidishi. Thamani 3214 yenye kizidishi cha -1, yaani mara 10 kwa kipeo cha -1, ni 321.4. Na ukiona 65535 au -32768 imetokeza kwenye grafu, usidhani jua limepagawa. Hiyo ndiyo namna ya kifaa kusema "kipimo hiki sina". Ichuje kabla haijafika popote.

Baadhi ya inveta hukubali muunganisho mmoja tu wa Modbus kwa wakati. Kwa hiyo weka programu moja ya kukusanya kwenye kompyuta ndogo ya nyumbani, Raspberry Pi kwa mfano, isome kila baada ya sekunde 5 hivi, halafu yenyewe isambaze kwa wengine kupitia MQTT, itifaki nyepesi ya kupeleka ujumbe. Itifaki hiyo ilibuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo mtandao ni mdogo na wa kukatika, na ndiyo maana inafaa sana nyumbani. Ina mtego mmoja. Ujumbe uliohifadhiwa kwenye seva ya MQTT hutolewa mara tu skrini inapojiunga, hata kama ni wa jana. Kila kipimo kibebe muda wake, na skrini ihesabu umri wake. Kikipita sekunde 30, tarakimu ififie na maneno yatokee: "Taarifa ya dakika 4 zilizopita." Tarakimu ya zamani inayong'aa kama mpya ni hatari kuliko nafasi tupu.

Nyumba isiyo na mita janja huhitaji sensa ya kubana waya kwenye ubao mkuu wa umeme. Zingatia mshale uliochorwa juu yake, maana ikifungwa kinyume gridi itaonekana inapokea umeme wakati inatoa. Kazi ya ndani ya ubao ni ya fundi mwenye leseni. Wewe subiri nje na simu yako uangalie namba.

Kuhusu kuhifadhi: tunza muda kwa UTC (saa ya kimataifa), ubadilishe saa za mahali pale tu unapoonyesha. Uniti za siku zitoe kwenye kihesabu cha jumla kilichomo ndani ya mita au inveta, kwa kutoa usomaji wa usiku wa manane uliopita. Ukijumlisha nguvu za kila sekunde 5, kila mtandao unapokatika unapoteza uniti. Ila kihesabu nacho kinaweza kurudi sifuri baada ya kubadilishiwa kifaa, hivyo tofauti ikitoka hasi, anza upya kuhesabu kutoka pale. Vipimo vya kila sekunde 5 tunza kwa siku chache, kisha viwe wastani wa dakika 5, kisha wa saa.

Jambo la mwisho hapa: inveta isiyo na betri hulala usiku na haijibu. Hiyo si hitilafu. Skrini iseme "Inveta imelala hadi jua lichomoze", isiwashe taa nyekundu kila jioni.

Hatua ya 4: Jenga ukurasa wa kwanza kuzunguka jibu

Juu kabisa weka sentensi moja kwa herufi kubwa. Majibu matatu yanatosha: "Washa, jua linatosha", "Unaweza kuwasha, lakini itatoka kwenye betri", na "Subiri". Penye gridi, la kati linaweza kusema "itatoka kwenye gridi".

Sentensi ni fupi, lakini hesabu iliyo nyuma yake ndiyo inayotaka akili. Watu wengi hutoa matumizi kwenye jua na kuishia hapo. Kuna mipaka mitatu: nguvu ya juu ambayo inveta inaweza kupitisha, nguvu ya juu ambayo betri inaweza kutoa, na uniti zilizobaki ndani ya betri. Tuseme hakuna gridi, inveta ni ya kW 5, betri inaweza kutoa kW 2.5, jua kwa sasa ni kW 1.0 na nyumba inakula 1.4. Uwezo ni mdogo kati ya 5 na 3.5, yaani 3.5, ukitoa 1.4 inabaki kW 2.1. Weka tahadhari ya asilimia 15, utabaki na takriban 1.8. Pasi ya kW 1.2 inapita. Birika la umeme la kW 2 halipiti, ingawa betri inaweza kuwa imejaa pomoni. Hapo ndipo mwenye nyumba hushangaa: "Betri asilimia 100, mbona umeme umekatika?" Kiolesura kizuri kilimwambia mapema.

Pampu na vifaa vyenye kompresa huvuta mara kadhaa ya nguvu yao ya kawaida wakati wa kuanza. Kwa hiyo mruhusu mtu aorodheshe vifaa vyake vizito, kila kimoja na wati zake za kawaida na za kuwasha, kisha ukurasa wa kwanza uonyeshe majina yao badala ya namba: pasi ndiyo, mashine ya kufulia ndiyo, birika bado. Hata mtoto anaelewa.

Mawingu huchezea hesabu hii. Wingu moja likipita, nguvu ya paneli inaweza kushuka zaidi ya nusu kwa sekunde chache, na sentensi yako ikawa inabadilika "washa, subiri, washa" mpaka mtu achoke. Kwa ushauri, tumia wastani wa dakika 5. Kwa mipaka ya inveta, tumia kipimo halisi cha sasa, tena chukua kilele cha matumizi. Ni vitu viwili tofauti, usivichanganye.

Chini ya sentensi ndipo mchoro wa mtiririko ukae: jua, nyumba, betri, gridi, na mistari inayoonyesha umeme unaelekea wapi. Unene wa mstari ufuate nguvu. Vijidoti vinavyotembea ni pambo linalokubalika mradi visiwe na kasi ya kuumiza macho. Andika 1.2 kW, usiandike 1187 W. Hakuna anayeamua jambo kwa wati 7.

Hatua ya 5: Betri iseme muda

Asilimia peke yake haisemi mengi. Betri ya uniti 10 iliyo na asilimia 62, na akiba isiyoguswa ya asilimia 20, ina uniti 4.2 za kutumia. Nyumba ikila kW 0.5, na ukiongeza upotevu wa inveta iwe 0.55, utapata saa 7 na dakika 38. Kama sasa ni saa 2 usiku, iandike hivi: "Betri itafika kwenye akiba karibu saa 9 na nusu usiku." Msomaji anajua papo hapo kwamba hafiki asubuhi.

Kiolesura cha Kiswahili kina uamuzi wa kufanya hapa. Kwenye grafu, saa za 00 hadi 24 hazina utata. Kwenye sentensi, tumia saa tunazozitamka, na kila mara ambatisha alfajiri, asubuhi, mchana au usiku. Usichanganye mitindo miwili ndani ya sentensi moja, na uweke kitufe cha kuchagua kwenye mipangilio. Kupishana kwa muda wa saa sita kwenye ratiba ya hita si kosa dogo.

Makadirio yasitegemee matumizi ya dakika hii. Friji ikiwaka, muda unapungua ghafla. Ikizima, unarefuka, na mtu anaona betri inayobadilisha nia. Chukua wastani wa saa hizohizo kwa siku chache zilizopita.

Chanzo cha asilimia nacho ni muhimu. Betri za lithiamu aina ya LiFePO4 zina volti zinazokaa karibu palepale kwenye sehemu kubwa ya chaji, hivyo kukisia asilimia kwa volti ni kubahatisha. Soma kutoka kwenye saketi ya usimamizi wa betri, ambayo huhesabu umeme unaoingia na kutoka. Hesabu hiyo nayo huteleza polepole na hurekebishwa betri inapojaa kabisa. Ikiwa siku nyingi zimepita bila kujaa, weka neno "takriban" kando ya asilimia. Kwa betri za risasi na asidi, akiba iwe kubwa zaidi; kuzishusha chini ya nusu mara kwa mara hufupisha maisha yake.

Hatua ya 6: Rangi na maandishi

Rangi zifuate chanzo na zisibadilike kurasa zote: jua rangi moja, betri nyingine, gridi nyingine. Usitegemee nyekundu na kijani peke yake, kwa sababu wapo wengi, hasa wanaume, wasiozitofautisha. Ongeza alama au neno. Manjano juu ya weupe inapendeza kwenye kompyuta yako na haionekani kabisa juani. Tumia chungwa iliyokolea. Mwongozo wa WCAG, unaohusu kurasa zinazosomeka na watu wote, unataka tofauti ya mwangaza na usuli yenye uwiano wa 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa michoro. Vitufe viwe na upana na urefu wa pikseli 44, maana skrini ya ukutani hubonyezwa na mtu anayepita.

Hatua ya 7: Vifaa vijiendeshe, lakini mtu abaki mkubwa

Hapa ndipo nyumba inapokuwa janja kweli: ziada ya jua inakwenda kwenye hita ya maji, pampu au gari la umeme badala ya kupotea. Ndipo pia kiolesura kinapoweza kuharibu vitu.

Weka pengo kati ya kuwasha na kuzima. Hita ya kW 2 iwake ziada ikizidi kW 2.3 kwa dakika 5, na izime pale tu nyumba inapoanza kuvuta zaidi ya kW 0.3 kutoka kwenye betri kwa dakika kadhaa. Bila pengo hilo swichi itagongagonga kila wingu likipita. Vifaa vyenye kompresa vipewe dakika kadhaa za kupumzika kabla ya kuwashwa tena. Swichi yenyewe iwe ya saizi inayofaa: hita ya kW 3 kwenye volti 230 huvuta ampea 13, na swichi janja ya ampea 10 inaweza kuyeyuka.

Maji ya moto yana masharti yake. Tangi likikaa siku nyingi vuguvugu, bakteria wa Legionella hustawi ndani yake, kwa hiyo ratiba ihakikishe yanafika nyuzi 60 mara kwa mara, jua liwepo lisiwepo. Gari la umeme nalo haliwezi kuchaji kwa umeme kidogo upendavyo: kiwango cha IEC 61851 kinaanzia ampea 6, ambazo kwa volti 230 ni karibu kW 1.4. Ziada ikiwa kW 0.8, skrini iseme "Gari linasubiri jua zaidi" ili mtu asidhani chaja imekufa.

Kila uamuzi wa mashine uandikwe kwa lugha ya mtu, pamoja na sababu: "Hita imewashwa saa 5 asubuhi: betri asilimia 92, ziada kW 2.4." Na kitufe cha mkono kishinde ratiba daima. Mtu akisema washa sasa, iwake, uonyeshe itarudi kwenye ratiba saa ngapi. Mfumo unaobishana na mwenye nyumba huchomolewa kwenye ukuta, na haki yake.

Amua pia kinachotokea kompyuta yako ikizima ghafla. Kila kifaa kiwe na hali salama ya kurudia bila kusubiri amri.

Hatua ya 8: Arifa chache, zenye la kufanya

Kabla ya kuandika arifa, jiulize mpokeaji atafanya nini akiipata. Kama hakuna, iache kwenye kumbukumbu. Zinazostahili ni chache: betri haitafika asubuhi, gridi imekatika, inveta ina hitilafu, uzalishaji umeshuka siku kadhaa mfululizo.

Hiyo ya mwisho ina mtego. Wati zilizoandikwa kwenye paneli hupimwa maabara, kwa mwanga wa wati 1000 kwa mita ya mraba na seli zikiwa nyuzi 25. Juu ya bati la mchana seli hufika nyuzi 60 kwa urahisi, na kila nyuzi inayozidi 25 hula takriban asilimia 0.3 hadi 0.4. Nyuzi 35 za ziada ni zaidi ya asilimia 10 iliyopotea. Paneli za kW 4 zinazotoa 3.3 saa 6 mchana ni nzima kabisa. Linganisha uzalishaji na utabiri wa mionzi ya jua wa siku hiyo, unaopatikana kwa mfano kwenye Open-Meteo, au na siku nyingine angavu za karibuni. Pengo likidumu, ndipo ushauri wa kusafisha vumbi au kuangalia kivuli cha mti una maana.

Eleza pia hali hii inayowachanganya wengi: inveta ya gridi isiyo na betri hujizima gridi ikikatika, hata jua likiwa kali, ili isipeleke umeme kwenye nyaya wanazotengeneza mafundi. Skrini iseme hivyo. Vinginevyo mtu atapanda darini kutafuta ubovu.

Hatua ya 9: Funga milango

Modbus haina nywila. Yeyote aliyefika kwenye lango la 502 anaweza kusoma na, kwenye inveta nyingi, kubadilisha mipangilio. Usilifungue kuelekea intaneti kamwe. Anayetaka kuona nyumba yake akiwa mbali apitie VPN, yaani njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa nyumbani. MQTT inayovuka mtandao wa nyumbani itumie njia iliyofichwa, kwa kawaida lango la 8883. Nywila za kiwandani zibadilishwe siku ya kwanza: mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta nyingi kwa kujaribu nywila hizohizo tu.

Grafu ya matumizi pia ni siri ya nyumba. Inaonyesha mnaamka lini, mnalala lini, na siku gani hakuna mtu. Data ikae ndani, na kinachotoka nje kiwe kile ambacho mwenyewe amekubali. Faida nyingine ya kukaa ndani: intaneti ikikatika, skrini na ratiba vinaendelea.

Hatua ya 10: Ijaribu kwa kuikorofisha

Chomoa waya wa inveta uone kama tarakimu zinafifia. Zima ruta. Lisha data ya siku ya mawingu, ya betri iliyojaa asubuhi, ya gridi iliyokatika katikati ya mashine ya kufulia. Kisha mpe simu mtu wa nyumba ambaye hakushiriki kuunda chochote, umuulize kama anaweza kuwasha birika. Akijibu kabla hajagusa skrini, ukurasa wa kwanza umefanya kazi. Akianza kusogeza chini, jibu limejificha mahali fulani. Rudi Hatua ya 4.

Mwisho, hakiki vipimo vyenyewe usiku, jua likiwa halipo. Zima vifaa vingine vyote unavyoweza, andika usomaji wa mita inayopima matumizi ya nyumba, washa hita ya kW 2 kwa nusu saa, soma tena. Mita, inveta na skrini yako vyote vionyeshe ongezeko la karibu uniti 1. Skrini ikisema 2, una kizidishi kibaya au unahesabu chanzo kimoja mara mbili, ikisema 0.5, kagua sensa na mipangilio yake.